Wikendi ya Arusha na Moshi bila kukwama kwa akaunti iliyofungiwa

Mwanadiaspora anayetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Ijumaa jioni, akiwa amepanga kuwatembeza wanawe Arusha Jumamosi na Moshi Jumapili, kwa kawaida huwa ameandaa nguo, zawadi na dereva wa kumpokea, lakini hajafikiria jinsi akaunti yake ya malipo ya mtandaoni, kama ya PayPal, itakavyoipokea safari hiyo. Akaunti inaweza kufungiwa katika saa hizo za mwanzo, na ubaya wake ni kwamba benki hufunga Jumamosi mchana, na wahakiki wa nyaraka wa baadhi ya kampuni za nje nao hawako kazini hadi Jumatatu. Fedha zipo, zinaonekana kwenye simu, ila hazitoki.

Sababu yake inaeleweka. Mitambo ya ulinzi inamtambua mteja kwa mazoea yake, na mtu aliyezoea kuingia kwenye akaunti kutoka Leeds kwa simu ileile, akaonekana ghafla akiingia kwa intaneti ya hoteli ya Arusha, kwa laini mpya, kisha akajaribu kulipia gari la utalii kwa mkupuo, kwa mitambo hiyo hatofautiani na mwizi aliyeiba nywila. Wanaowasha VPN (programu inayoficha mahali ulipo) ili waonekane bado wako Uingereza au Marekani huongeza tatizo, kwa kuwa akaunti huonekana iko nchi mbili ndani ya saa moja.

Sababu ya pili inatuhusu sisi zaidi, na ningependa isemwe wazi katika vikundi vyetu. Tunakusanya michango ya harusi, ya msiba na ya matibabu kupitia akaunti binafsi ya mwekahazina. Ndani ya siku chache watu wengi ambao hawajawahi kumtumia fedha wanamtumia viasi vidogo vidogo, kisha jumla yote inatumwa Tanzania mara moja. Kwetu huo ni ubinadamu wa kawaida kabisa. Kwa mhakiki aliye mbali, mtiririko wa namna hiyo ni dalili ya utakatishaji wa fedha. Mwekahazina atunze orodha ya wachangiaji, tangazo la msiba au kadi ya mwaliko, na ikiwezekana kikundi kifungue akaunti yake chenyewe. Hata hivyo, kama mchango umepita kwenye akaunti yako hivi karibuni, usiitegemee akaunti hiyo hiyo kwa matumizi ya safari.

Kabla ya kuondoka, hakikisha laini ya nchi unayoishi itapokea ujumbe ukiwa Tanzania, kwa sababu namba za uthibitisho zitatumwa huko. Bora zaidi, hamishia uthibitisho kwenye programu inayotoa namba hizo bila kuhitaji mtandao wa simu. Linganisha pia majina. Kitambulisho cha NIDA huwa na jina lako, la baba na la babu, ilhali akaunti ya kigeni mara nyingi ina majina mawili, na mama aliyeolewa anaweza kuwa na ubini mmoja kwenye pasipoti na mwingine kwenye akaunti. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukwamisha uhakiki, kwa hiyo beba nakala ya cheti cha ndoa, taarifa ya benki ya karibuni na bili yenye anwani yako ya ughaibuni. Usiibadilishe anwani iwe ya Arusha kwa kudhani unarahisisha mambo. Utatakiwa kuithibitisha, na umeme wetu wa LUKU, wa kulipia kabla, kwa kawaida husajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, kwa hiyo hutakuwa na bili yenye jina lako. Vilevile, akaunti ya PayPal iliyosajiliwa Tanzania hulipa lakini haipokei, hivyo kufungua mpya ukiwa nyumbani hakutakusaidia.

Kisha ingia mjini ukiwa na shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku bidhaa na huduma za ndani kutangazwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache, kwa hiyo noti za dola mfukoni si akiba ya kutegemea sokoni. Sajili laini kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole, au kwa pasipoti ikiwa wewe ni raia wa nchi nyingine, halafu jitumie fedha kwenye M-Pesa, Airtel Money au Mixx (zamani Tigo Pesa) kabla dharura haijatokea. Laini ya zamani isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Ihakiki kwanza kabla ya kutuma chochote.

Ukiwa umejipanga hivyo, Jumamosi ya Arusha haihitaji kadi hata kidogo. Anzia Mnara wa Saa asubuhi, upande Barabara ya Boma hadi Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya ngome ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1900. Kutoka hapo nenda Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na mnara wa Mwenge, uwaeleze watoto kilichotangazwa Februari 1967 na kwa nini babu zao bado wanabishana juu yake. Jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, lisipitwe kimyakimya: ndani yake, tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kwangu mimi, hakuna jengo mjini linalostahili kuoneshwa kijana aliyekulia nje kuliko hilo. Mchana kuleni mtori, kisha mpande daladala hadi Tengeru, ambako Jumamosi ni siku ya soko, na Ziwa Duluti liko jirani. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo yenye sharti tofauti: malangoni hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number), ambayo inalipika kwa simu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio nafuu, mradi awe na kitambulisho au pasipoti mkononi.

Akaunti ikifungiwa licha ya yote hayo, acha kujaribu kuingia mara kwa mara, na usifungue nyingine kwa jina lilelile, kwani zote mbili zinaweza kuunganishwa na kufungiwa pamoja. Pakia nyaraka zote kwa mara moja, ndani ya akaunti yenyewe, zikiwa na picha inayosomeka pembe zote nne, pamoja na maelezo mafupi ya safari: tarehe, tiketi, nchi. Usitafute namba ya huduma kwa wateja kwenye mitandao ya kijamii. Wale matapeli wa ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» wana wenzao wanaojiita wafunguaji wa akaunti, na kitu cha kwanza wanachokuomba ni namba ya uthibitisho. Mhudumu halisi akikataa kukueleza sababu, huenda sheria ya nchi yake inamzuia, kwa hiyo usimalizie hasira kwake. Omba namba ya malalamiko yako kwa maandishi. Masharti ya PayPal huiruhusu kushikilia salio hadi siku 180 katika hali fulani. Anayeishi Uingereza asiporidhika na jibu anaweza kupeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya huduma za fedha, bila malipo, na wa Marekani anaweza kupeleka malalamiko kwa Consumer Financial Protection Bureau, taasisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha.

Jumapili ondokeni Arusha alfajiri. Moshi iko kilomita 80 hivi, na Kilimanjaro huonekana vizuri zaidi asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Maporomoko ya Materuni au chemchemi za Chemka, kila moja inafaa kwa matembezi ya siku moja, ila si zote mbili kwa siku hiyohiyo ukiwa na watoto wadogo. Chemka hujaa wenyeji Jumapili mchana, kwa hiyo fikeni mapema. Bebeni noti ndogo ndogo za kiingilio na vitafunio, na kama ni Desemba, wakati Wachaga wanaporudi kwao kwa Krismasi, toeni fedha Arusha siku ya Ijumaa, kwa kuwa foleni za ATM za Moshi wakati huo zinaweza kula nusu ya siku yenu.