Somo: Jinsi timu za kriketi zinavyopangwa viwango (soma kwanza, uliza baadaye)

Kila mfululizo ukiisha naulizwa: "Wameshinda, mbona hawajapanda?" Leo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma huku. Nazungumzia mechi za kimataifa za ova 50 kila upande (ova moja ni mipira sita), wanaume. Namba za mifano nimezitunga.

1. Fungua jedwali la ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi). Angalia mechi, alama, kiwango.

2. Kiwango ni alama gawanya kwa mechi. Basi.

3. Kabla ya mechi, tafuta tofauti ya viwango vya timu mbili. Ikiwa chini ya 40, mshindi anapata kiwango cha mpinzani jumlisha 50, aliyefungwa anapata cha mpinzani toa 50. A ana 100, B ana 90: A akishinda anaandikiwa alama 140, B 50.

4. Hapa ndipo watu wanapoharibu hesabu. Tofauti ikifika 40 au zaidi, acha kabisa kiwango cha mpinzani, tumia cha timu yenyewe. Mkubwa (mwenye kiwango cha juu) akishinda: chake +10, mdogo −10. Mkubwa akipigwa: chake −90, mdogo +90. Chukua mwenye 120 dhidi ya mwenye 60. Kwa kanuni ya hatua ya 3 mkubwa angeshinda akaambulia 110, yaani ashinde halafu wastani ushuke! Ndiyo maana anapewa 130. Akiwa na mechi 24, alama 2,880 zinakuwa 3,010. Gawanya kwa 25, unapata 120.4. Jedwalini bado 120. Akipigwa anaandikiwa 30 tu, anaporomoka hadi 116. Na viwango ni vya KABLA ya mechi, msichanganye.

5. Kila Mei mechi kuukuu zinafutwa, na za miaka miwili inayotangulia mwaka wa karibuni zinahesabiwa nusu.

MASWALI

Chapa_Six: Mkuu, kwa hiyo ukishinda unapata alama 2?
— Hizo ni za msimamo wa mashindano. Hatua ya 3.

Chapa_Six: Nimesoma lakini ni ndefu.
— Basi subiri jedwali, litakuambia.

Mama_Ova: Timu inaweza kupanda bila kucheza?
— Swali zuri sana dada. Ndiyo, Mei. Vipigo vya zamani vikifutwa au kukatwa nusu, wastani unapanda wachezaji wakiwa nyumbani. Mechi nazo zinakatwa nusu, siyo alama peke yake.

Ruaraka_Boy: Mvua ikiharibu?
— Bila matokeo haihesabiwi. Sare ni kitu kingine: tofauti ikiwa chini ya 40, kila mmoja anachukua kiwango cha mwenzake.

Mama_Ova: Kenya mbona simwoni, na 2003 alifika nusu fainali ya Kombe la Dunia?
— Alipoteza hadhi ya ova 50, yaani mechi zake kutambuliwa rasmi kuwa za kimataifa, mwaka 2014. Mtafute kwenye ova 20: tangu Januari 2019 wanachama wote wa ICC wana hadhi hiyo, ndiyo maana Tanzania na Rwanda wanaonekana kule. Uganda ndiye aliyefika Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, akampiga Papua New Guinea.

Ruaraka_Boy: Na akina dada?
— Walitangulia, Julai 2018. Jedwali lao ni la peke yake.