Mteja akikwambia "cha bure hakidumu"

Mimi ni fundi kompyuta, na ubishi huu nakutana nao kila ninapomwekea mtu LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na kupanga hesabu. Akianza na "cha bure hakidumu", usimhubirie. Muulize anatumia simu gani. Ikiwa ni Android, mwambie kiini chake ni Linux, nayo ni programu huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia: anatembea nayo mfukoni.

Akija na usalama, kwamba msimbo ulio wazi hata wezi wanausoma, kubali kwanza. Tundu la Heartbleed lilifichuliwa mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya mtandaoni yasisomwe na wengine, likiwa limekaa humo kama miaka miwili mbele ya macho ya watu. Kuwa wazi si kusomwa, jamani. Ila msimbo uliofungwa, mtu wa nje hawezi hata kuukagua. Unamngoja mwenye mali.

Hoja inayouma ni mafaili: lililoandikwa kwa LibreOffice huweza kuvurugika likifunguliwa kwa programu nyingine, na kinyume chake. Hapo nilishindwa mchana kweupe: barua ya mama mmoja ilitoka kwangu ukurasa mmoja, kufika ofisini ikawa miwili, sahihi imebaki peke yake nyuma. Siku hizi, kabla ya kubishana, naomba faili gumu kuliko yote aliyonayo, tunalifungua pamoja. Likivurugika, abaki na programu yake ya kulipia. Barua za kutuma natoa kwa PDF, aina ya faili inayotunza mpangilio wa ukurasa.