Namna ya Kumchunguza na Kumtibu Mtu Mzima Mwenye Upungufu wa Damu

Mgonjwa anapoambiwa kwamba damu yake ni 8, yeye, na mara nyingi tabibu wake pia, huwaza jambo moja tu, yaani dawa ya kuongeza damu. Vidonge vya madini ya chuma huandikwa palepale, mgonjwa huondoka, na baada ya miezi minne hurudi akiwa na damu ileile, au akiwa na uvimbe wa utumbo mpana ambao ungeweza kugunduliwa siku ya kwanza. Upungufu wa damu ni dalili kama ilivyo homa, na anayeitibu dalili bila kuuliza damu imekwenda wapi amefanya nusu ya kazi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari na matabibu walio mwanzoni mwa kazi, ingawa hata mgonjwa anayeshangaa kwa nini anaulizwa maswali mengi ataona humu sababu zake.

Hakikisha namba, kisha tazama hali ya mgonjwa

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima mwenye hemoglobini (protini nyekundu inayobeba oksijeni, ambayo ndiyo namba ile ya damu) iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa hivyo akiwa chini ya gramu 12. Ikishuka chini ya 8, upungufu huo huitwa mkali. Namba hizi hata hivyo zinaweza kudanganya. Mtu aliyevuja damu nyingi saa moja iliyopita anaweza kuwa na hemoglobini ya kawaida kabisa, kwa sababu amepoteza chembe na majimaji ya damu kwa pamoja, na namba itashuka tu pale majimaji yatakaporudi kwenye mishipa. Kinyume chake, damu iliyochukuliwa kwenye mkono wenye dripu huonekana pungufu kwa kuwa imezimuliwa. Mvutaji wa sigara, na vilevile mtu anayeishi nyanda za juu sana, huwa na hemoglobini iliyopanda, hivyo 13 ya kwake inaweza kuwa upungufu uliojificha.

Kabla ya uchunguzi wa taratibu, angalia kama kuna dharura. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, shinikizo la damu lililoshuka, pumzi inayokatika hata mgonjwa akiwa amekaa, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni mambo yanayohitaji hospitali saa hiyohiyo. Hali kadhalika mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka pamoja na zile nyekundu, hasa akiwa na homa au madoa ya damu kwenye ngozi, asirudishwe nyumbani kusubiri miadi.

Maelezo ya mgonjwa ndiyo kipimo kikubwa

Damu hupungua kwa njia tatu: inapotea, inavunjwa kabla ya wakati wake, au uboho (tishu laini iliyo ndani ya mifupa) unashindwa kuitengeneza. Chembe nyekundu huishi takribani siku 120, kwa hiyo kasoro katika utengenezaji hujitokeza polepole, na mgonjwa aliyefika akitembea mwenyewe huku damu yake ikiwa 5 karibu kila mara ana tatizo lililochukua miezi kadhaa, kwa maana mwili wake umepata nafasi ya kuzoea. Swali la kwanza, basi, ni la muda: uchovu huu ulianza lini, na mara ya mwisho damu yako kupimwa ilikuwa ngapi? Matokeo ya zamani yana thamani kuliko vipimo vingi vipya.

Kuhusu kupoteza damu, usiulize kama mgonjwa anatoka damu, kwa sababu wengi watajibu hapana kwa moyo safi. Mwulize choo chake kina rangi gani, kinanata, kina harufu isiyo ya kawaida? Aliye kwenye vidonge vya madini ya chuma hupata choo cheusi chenye ukijani na kilichoshikana, lakini choo cha damu iliyotoka tumboni hung'aa, hunata na hunuka vibaya. Kuhusu hedhi, neno «kawaida» halina maana yoyote, kwani kila mwanamke anaijua ya kwake tu. Uliza inachukua siku ngapi, anabadilisha pedi kila baada ya muda gani, na kama hutoka mabonge. Hedhi inayozidi siku 7, au inayolazimisha kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, ni nyingi.

Dawa zinastahili kuulizwa moja baada ya nyingine, pamoja na zile ambazo mgonjwa hujinunulia. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo; dawa za kuzuia damu kuganda hugeuza kidonda kidogo kuwa chanzo cha uvujaji; metformini ikitumika kwa miaka hupunguza vitamini B12; omeprazoli ya muda mrefu huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma na wa vitamini hiyohiyo; metotreksati na zidovudini huugusa uboho wenyewe. Ongeza pombe, upasuaji wa tumbo wa zamani, historia ya ukoo kuhusu selimundu au manjano ya mara kwa mara, na hamu ya kula udongo au barafu, ambayo wagonjwa huionea haya na hawaitaji wasipoulizwa. Mtu aliyevuka miaka 60, mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha na figo zinazodhoofika pamoja na upungufu wa damu, achunguzwe saratani ya uboho iitwayo mailoma.

Mwili unasema nini

Weupe wa ndani ya kope la chini na wa mikunjo ya kiganja husaidia ukiwepo, ila kutokuwepo kwake hakuondoi upungufu wa kadiri ndogo. Macho ya manjano huelekeza kwenye chembe zinazovunjwa au ini lenye kasoro. Ulimi laini usio na vinundu, midomo iliyochanika pembeni na kucha zilizobonyea kama kijiko huashiria uhaba wa madini ya chuma au vitamini. Papasa wengu na tezi. Pima hisia ya mtetemo miguuni, maana upungufu wa vitamini B12 huharibu neva, wakati mwingine kabla damu haijashuka. Uchunguzi wa njia ya haja kubwa kwa kidole ndio unaorukwa zaidi ya vyote, kwa haya ya pande zote mbili, ilhali dakika moja inatosha kugundua choo cheusi au uvimbe.

Kusoma vipimo

Picha kamili ya damu hutoa ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, na hapo ndipo njia zinapoachana. Chembe zilizo chini ya femtolita 80 ni ndogo, na sababu zake kuu ni uhaba wa madini ya chuma na thalasemia (kasoro ya kurithi katika utengenezaji wa hemoglobini). Zinazozidi 100 ni kubwa, nazo huletwa na uhaba wa vitamini B12 au asidi ya foliki, pombe, ugonjwa wa ini, tezi ya shingo (thairoidi) isiyofanya kazi vya kutosha, baadhi ya dawa, na magonjwa ya uboho. Zilizo katikati huonekana kwenye magonjwa ya figo, maradhi sugu na uvujaji wa karibuni. Kumbuka tu kwamba wastani huficha mengi: mtu aliyekosa madini ya chuma na vitamini B12 kwa pamoja ana chembe ndogo na kubwa zilizochanganyika, na wastani wake ukawa sawasawa. Slaidi ya damu chini ya hadubini huufichua mchanganyiko huo. Hesabu ya chembe nyekundu changa nayo hujibu swali la msingi: zikiwa nyingi, uboho unafanya kazi na damu inapotea au inavunjwa, zikiwa chache, kiwanda chenyewe kimekwama.

Ferritini (protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini) iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita huthibitisha kwamba akiba ya madini ya chuma imekwisha. Kwa kuwa ferritini hupanda mtu akiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, mgonjwa wa namna hiyo huhesabiwa kuwa na uhaba hata ikifika karibu 70. Chembe zikiwa ndogo mno lakini idadi yake ni kubwa na ferritini ni ya kutosha, fikiria thalasemia. Wapo watu waliomezeshwa madini ya chuma kwa miaka bila kuyahitaji.

Ukishajua kwamba ni uhaba wa madini ya chuma

Tafuta mahali yalikopotelea. Kwa mwanamume yeyote mtu mzima, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi, chukulia kwamba utumbo unavuja hadi ithibitike vinginevyo, na panga kuangalia tumbo na utumbo mpana kwa kamera hata kama hana maumivu yoyote. Kipimo cha damu iliyofichika chooni kikitoka safi hakitoshi kufuta haja hiyo, na bawasiri zisibebeshwe lawama kwa haraka, kwani mwenye bawasiri anaweza kuwa na saratani vilevile. Penye safura (minyoo inayonyonya damu utumboni), tibu minyoo, lakini usiishie hapo kwa mtu mwenye umri mkubwa.

Kidonge kimoja cha feri salfeti chenye takribani miligramu 60 za madini halisi, kwa siku au siku moja kwa kuruka moja, kinatosha watu wengi. Desturi ya vidonge vitatu kwa siku haina faida kubwa: baada ya dozi moja, ini hutoa homoni ya hepsidini ambayo hufunga mlango wa ufyonzwaji kwa karibu siku nzima, hivyo dozi zinazofuata hubaki tumboni zikileta kichefuchefu na kufunga choo. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kupunguza asidi zisimezwe pamoja nacho.

Pima tena baada ya wiki 2 hadi 4. Hemoglobini inatakiwa iwe imepanda angalau gramu 1 katika wiki 2, na kama 2 ifikapo wiki ya nne. Isipopanda, ama dawa hazimezwi, ama hazifyonzwi, ama damu bado inavuja, ama utambuzi haukuwa sahihi. Uliza kwa mpangilio huo kabla ya kuhamia dawa ya mshipani. Ikifika kiwango cha kawaida, endelea kwa miezi 3 zaidi ili akiba ijae.

Sababu nyingine

Mwenye uhaba wa vitamini B12 huchomwa hidroksokobalamini miligramu 1 mara 3 kwa wiki kwa wiki 2, kisha kila baada ya miezi 2 au 3 ikiwa chanzo hakiondoki. Neva zikiwa zimeguswa, sindano hutolewa siku moja kwa kuruka moja hadi nafuu ifike kikomo. Kamwe asipewe asidi ya foliki peke yake kabla B12 haijapimwa, kwani damu itapanda huku neva zikiendelea kuharibika. Mgonjwa wa figo ajaziwe madini ya chuma kwanza, ndipo eritropoyetini (homoni inayouamsha uboho kutengeneza chembe nyekundu) ifikiriwe. Chembe zinazovunjwa zinahitaji mtaalamu wa damu mapema.

Kuongezewa damu

Mgonjwa aliyetulia, asiyevuja, huongezewa damu hemoglobini ikishuka chini ya 7, au 8 akiwa na ugonjwa wa moyo. Chupa moja hupandisha takribani gramu 1. Toa moja, mchunguze upya, ndipo uamue kuhusu ya pili. Kwa mzee ambaye damu yake ilipungua polepole, chupa mbili za haraka zinaweza kumjaza maji mapafuni, hivyo iende taratibu na apimwe pumzi na mapigo mara kwa mara. Sampuli za ferritini, B12, foliki na slaidi zichukuliwe kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, kwa sababu damu ya mtu mwingine ikishachanganyika na ya kwake, vipimo hivyo vitakuwa vinamweleza mchangiaji.