Jinsi ya kuomba ruhusa ya kufukiza udongo wa kitalu na kuwalinda majirani: mwongozo kwa wakulima wa Tabora

Vitalu vya tumbaku Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui huandaliwa kiangazi, na vingi huwekwa ukingoni mwa mbuga, yaani bonde lenye unyevu, kwa sababu ndiko maji yaliko. Huko huko ndiko viliko visima, bustani za mchicha, malisho ya ng'ombe na njia ya watoto wa shule. Ukiweka dawa ya kufukiza udongo mahali hapo ili kuua minyoo fundo (minyoo midogo inayoshambulia mizizi), magonjwa na mbegu za magugu, gesi haitakaa ndani ya mpaka wa shamba lako. Kwa hiyo ruhusa inaanzia kwa jirani. Mhuri wa ofisi unakuja baadaye.

Dawa mbili zinazojulikana sana kwa kazi hii ni metamu sodiamu, ambayo ni ya maji, na dazometi, ambayo ni ya chenga. Zote mbili zikikutana na udongo wenye unyevu hugeuka kuwa gesi moja, methili isothiosayaneti, na hiyo gesi ndiyo inayoua. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka bondeni. Inachoma macho na koo, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya. Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba haitoki yote wakati unapoiweka. Huendelea kutoka kwa saa nyingi, na usiku upepo unapokufa hutambaa chini chini kuelekea kwenye nyumba. Mwezi Novemba 1999, katika mji mdogo wa Earlimart huko California, gesi ya metamu sodiamu kutoka shambani iliingia mjini na watu wapatao 170 wakaugua. Walilazimika kuondoka majumbani bila kujua ni kitu gani kinawachoma macho. Hatua zote zinazofuata zina shabaha moja: jirani yako asifikwe na hali hiyo bila kuambiwa mapema.

Kabla ya kuomba chochote

Nenda kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata na umuulize kama kweli unahitaji kufukiza. Ukihamisha kitalu kila mwaka, au ukifunika udongo uliolowanishwa kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita za jua kali, unaweza kupunguza minyoo na magugu kwa kiasi kikubwa. Taasisi ya utafiti wa tumbaku, TORITA, iko hapa hapa Tabora, na maofisa ugani wanaweza kukufikishia swali lako. Anayeweza kuacha kufukiza amewalinda majirani zake kuliko sisi wote.

Ikibidi kufukiza, hakiki dawa na mtu wa kuiweka. Viuatilifu nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Dawa iwe imesajiliwa, na muuzaji na mfukizaji wawe na vibali vyao. Omba uvione na upige nakala. Hata kama dawa inaletwa kupitia chama chenu cha ushirika cha wakulima (AMCOS), uliza. Mtu akikuletea methili bromaidi kwa ajili ya kitalu, kataa: nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiondoa mashambani kufikia mwaka 2015 chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, ikabaki kwa kazi za karantini na mizigo inayosafirishwa. Gesi hiyo haina harufu ya kumwamsha mtu aliyelala.

Chora ramani ya majirani

Hatua hii ipe muda kuliko zote. Chukua karatasi, simama kwenye kitalu na uzunguke kwa miguu ukihesabu hatua. Andika kila nyumba, kisima, lambo, shule, zahanati, msikiti na kanisa. Kisha andika wasioonekana kwenye ramani za kawaida: wafyatua tofali wanaolala kwenye tanuru, wachungaji wanaopita alfajiri, kambi ya vibarua. Tabora ni nchi ya asali, kwa hiyo tafuta pia mizinga iliyo jirani na umjue mwenyewe, hata kama anaishi kijiji kingine.

Kwa kila nyumba andika nani ana pumu, nani mjamzito, kama kuna mtoto mchanga, na kama kuna mzee asiyeweza kutembea mwenyewe. Weka alama nyumba zilizo chini ya kitalu kwa mteremko na zile zilizo upande unakoelekea upepo.

Umbali salama unatoka kwenye lebo ya dawa, si kwa kukadiria. Kwa kulinganisha, nchini Marekani eneo la kinga halipungui futi 25, yaani kama mita 8, na mara nyingi linazidi hapo kulingana na kiasi cha dawa. Hudumu tangu kazi inapoanza hadi saa 48 baada ya kumaliza, na shule na hospitali huwekewa umbali mkubwa zaidi. Kama eneo lako la kinga linagusa nyumba ya mtu, sogeza kitalu. Usimwombe jirani ahame kwa ajili ya miche yako.

Maji nayo yasisahaulike. Julai 1991 treni ilimwaga metamu sodiamu kwenye Mto Sacramento, California, na samaki wakafa kwa umbali wa karibu kilomita 60. Usichanganyie dawa kisimani wala usioshee ndoo mtoni.

Zungumza, halafu andika

Pita nyumba kwa nyumba angalau wiki moja kabla. Usiongee na baba mwenye nyumba peke yake. Mama ndiye atakayekwenda kisimani alfajiri, na ndiye atakayejua mtoto amekohoa usiku. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo mama. Jumanne asubuhi nitaweka dawa kwenye udongo wa kitalu kule mbugani. Inatoa gesi inayochoma macho. Kwa siku mbili watoto na mbuzi wasipite kule. Mkisikia macho yanawasha, tokeni kwa kukata upepo pembeni, mpande palipoinuka, mnipigie namba hii." Kisha msikilize. Akisema siku hiyo ana msiba au mgeni mgonjwa, badilisha siku.

Baada ya hapo andika barua. Muundo unaofaa ni huu:

Jina lako,
Kitongoji cha ........,
Tarehe ........

Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ........

K.K. Mwenyekiti wa Kitongoji cha ........

YAH: OMBI LA KUFUKIZA UDONGO WA KITALU

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mkulima wa tumbaku katika kitongoji tajwa. Naomba ruhusa ya kufukiza kitalu chenye ukubwa wa mita ........ kwa ........ kilichopo ........, tarehe ........, kuanzia saa ........ hadi saa ........ Dawa itakayotumika ni ........, kiasi cha ........ Mfukizaji ni ........, mwenye kibali namba ........

Nimewatembelea majirani wote walio kwenye ramani niliyoambatanisha, na sahihi zao zipo nyuma ya barua hii. Usiku wa kwanza na wa pili kitalu kitalindwa na ........, simu ........ Hali ya hewa ikiwa mbaya nitaahirisha na kuwajulisha wote upya.

Naambatanisha: ramani, nakala ya lebo ya dawa, nakala ya kibali cha mfukizaji.

Wako mtiifu,
........

Toa nakala kwa bwana shamba, kwa mganga mfawidhi wa zahanati na kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Ya zahanati ni ya lazima kwa maoni yangu, kwa sababu mgonjwa akifika saa nane usiku, tabibu asianze kubahatisha ni sumu gani. Omba jibu kwa maandishi na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Jirani ambaye hakuridhika anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Mtendaji wa Kata au halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, kwa hiyo usimwone mkorofi.

Siku yenyewe

Weka vibao kwenye kila njia inayoingia, vyenye maandishi makubwa na alama ya fuvu kwa asiyesoma. Anza kama saa tatu asubuhi, ukungu umeondoka na upepo mwepesi unavuma kuelekea kusiko na watu. Tazama moshi wa jikoni: ukipanda juu na kutawanyika, endelea. Ukilala juu ya mbuga kama shuka, ahirisha, maana gesi nayo italala hivyo hivyo. Udongo uwe na unyevu. Ukiubana mkononi ushikane. Mkavu huachia gesi haraka. Funika kwa nailoni isiyo na tundu na ufukie kingo zote.

Mfukizaji avae barakoa yenye chujio la gesi kama lebo inavyotaka. Barakoa za kitambaa na zile za hospitali hazizuii gesi hii.

Usiku ndipo mlinzi anapohitajika. Azunguke upande wa nyumba, si juu ya kitalu, hasa jioni na alfajiri. Macho yakimwasha, tayari gesi imefika. Aamshe nyumba za upande huo mara moja, watu watoke kwa kukata upepo pembeni, wapande palipoinuka. Aliyeathirika aoshwe macho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, avuliwe nguo zilizoingia dawa, apelekwe zahanati pamoja na nakala ya lebo. Asirudi mtu kuchukua redio wala kuku.

Nailoni ifunguliwe baada ya siku zilizoandikwa kwenye lebo, asubuhi tena, na majirani waambiwe siku hiyo pia kwa sababu gesi iliyobaki hutoka wakati huo. Chimbua udongo upate hewa. Kabla ya kupanda, jaza chupa mbili za kioo, moja udongo uliofukizwa, nyingine usiofukizwa, nyunyizia kila moja mbegu za saladi na ufunike vizuri. Zikiota sawa kote, gesi imeisha. Toboa makopo ya dawa yasigeuzwe vya kuchotea maji, ng'oa vibao, kisha mpelekee Mtendaji barua fupi kwamba kazi imekwisha.