Mzee Kafa, Nyumba Iko Majengo: Jinsi ya Kufungua Mirathi kwa Kadhi Mombasa

Tangu tumalize ya kwetu watu wananiuliza kila wiki mzee akifa mirathi yafunguliwa vipi, mara msikitini mara kwenye simu, basi leo naandika lote mara moja nipumzike. Hapa naongea hasa na Waislamu, manake ndio njia niliyopitia mwenyewe, wengine nimewawekea maneno mawili huko mbele. Na kabla hujakimbilia fomu shika hili: mirathi nyingi huharibikia kwenye orodha ya majina, mapema kabisa, hata karani wa mahakama hajakuona.

Anza na cheti cha kifo. Sisi twazika haraka, mtu afa alfajiri adhuhuri keshazikwa, na kwenye ile haraka hakuna anaekumbuka karatasi. Kama kafia hospitali hapana shida sana, hospitali ndio yaandika taarifa ya kifo. Kama kafia nyumbani ni lazima naibu wa chifu aambiwe, yeye ndio aandikishaye na kutoa pamiti ya maziko, alafu ile karatasi ndio mnapeleka ofisi ya usajili wa vizazi na vifo mpate cheti. Mkikaa zaidi ya miezi 6 bila kuandikisha inakuwa usajili wa kuchelewa na hapo mtatafutishwa mashahidi na maelezo mpaka mchoke. Fanyeni wiki hio hio ya matanga.

Alafu barua ya chifu. Hii ndio roho ya kesi yote. Chifu wa mahali alipokuwa akiishi marehemu anaandika barua kwenda mahakamani kusema flani amefariki na warithi wake ni hawa na hawa. Haina malipo, ukiambiwa ya chai ujue ni chai kweli. Nendeni wengi, msimtume mmoja, bebeni vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, na majirani wawili wazee wanaoijua nyumba yenu.

Sisi tulikosea hapo. Tukaandika mke, tukaandika watoto wote, tukajiona wajanja. Siku ya kusikizwa Kadhi akatazama ile barua, akavua miwani, akauliza, "Mama yake marehemu yuko hai?" Kimya. Ami yangu akajibu kwa sauti ya chini, "Yuko, yuko Lamu." Bibi yetu mzaa baba, mzima wa afya, tumemsahau kabisa! Tukarudishwa kwa chifu kuanza upya. Miezi miwili ikaenda na maji. Kwa hivyo andika kila mtu: wake wote hata yule wa Kisauni ambae hamuongei nae, wazazi wa marehemu kama wako hai, watoto wote. Na wale waliozaliwa nje ya ndoa msiwafiche, mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua hawawezi kunyimwa urithi wa baba Muislamu kwa sababu tu wazazi hawakuoana, ukimficha leo atakuja kesho na loya na kesi itafunguliwa tena.

Sasa mali. Hapa Mombasa kuna jambo watu wa bara hawalielewi, nyumba bila ardhi. Nyumba nyingi za Kiswahili, Majengo, Likoni, Kisauni, kuta na bati ni za marehemu lakini kiwanja ni cha mtu mwengine na mzee alikuwa akilipa kodi ya ardhi. Hapo kinachorithiwa ni nyumba tu, kwa hivyo tafuta zile risiti za kodi ya kiwanja na karatasi yoyote ya mauziano, hata kama imeliwa na mende pembe moja. Kama kuna hatimiliki fanya sachi ofisi ya ardhi na utazame jina herufi kwa herufi. Hatimiliki za zamani zina "bin" alafu kitambulisho hakina, kwengine ni Mohamed kwengine Muhammad, na hio tofauti ndogo itakuzuia mlango wa mwisho kabisa. Apa afidaviti, yaani hati ya kiapo, mapema kwamba haya majina mawili ni mtu mmoja. Ongeza taarifa za benki, logbuku ya gari, na madeni, usisahau madeni, hata la duka la pembeni.

Wapi mnapeleka? Katiba kifungu cha 170 chasema mahakama ya Kadhi husikiza ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wote kwenye kesi ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa hapo. Mrithi mmoja akikataa hamwezi kumlazimisha, mtaenda mahakama ya kawaida. Na wasio Waislamu wanaenda kwa hakimu kama mali haizidi shilingi milioni 20, ndio kikomo cha hakimu mkuu, ikizidi ni Mahakama Kuu, tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali siku 30 zipite, alafu kuthibitisha mgao kwa kawaida ni baada ya miezi 6 tangu mahakama iwape usimamizi, yaani ruhusa ya kushika mali ya marehemu.

Kufungua yenyewe ni onlaini, unatengeneza akaunti kwenye mfumo wa mahakama, unaskani kila kitu, unalipa kwa simu. Kama mambo ya kompyuta yakushinda nenda rejistri asubuhi mapema uulize, au mpe mtu wa saiba lakini mkalie hapo hapo, usimuachie vitambulisho vya familia ukaenda kunywa chai. Loya si lazima. Kama kuna ugomvi na huna pesa, FIDA (mawakili wa kike) na Kituo cha Sheria (msaada wa sheria) wana ofisi Mombasa, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, pia husaidia, nenda ukaulize.

Wasimamizi wa mali hawazidi 4, na kama kuna mtoto mdogo ni lazima wawe 2 au zaidi. Naona hio ya wawili ni nzuri hata kama hakuna mtoto. Dada yako akiwa Dubai au Saudia hana haja ya kukata tiketi, anaeza kutuma uwakala, karatasi ya kumruhusu mtu amsimamie, uliosainiwa mbele ya wakili anaetambulika, ama aombe asikizwe kwa video.

Na hili naliandika kwa uchungu kidogo. Mama akiwa kwenye eda, miezi 4 na siku 10, ndio wakati shemeji huja na karatasi usiku, "saini hapa tu bibie, ni mambo ya benki." Mama usisaini. Mwambie aiache mezani asome mwanao kesho mchana. Karatasi ya haki haikimbii jua.

Hesabu hufanya Kadhi, lakini ujue usije ukadanganywa barazani. Kwanza zinatoka gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi na usiwe wa mrithi. Kinachobaki ndio kinagawanywa. Tuseme imebaki milioni 2.4, kuna mke, mama wa marehemu, mvulana mmoja na wasichana wawili. Mke ni thumni, yaani moja ya nane, 300,000. Mama ni sudusi, moja ya sita, 400,000. Inabaki 1,700,000, mvulana sehemu mbili msichana moja, basi yeye 850,000 na kila dada 425,000. Ona sasa, ukimsahau bibi wa Lamu hesabu ya watoto wote inakuwa uongo.

Hukumu ikitoka na hamjaridhika, rufaa ni Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Mkiridhika chukueni kopi zilizopigwa muhuri, chukueni kama sita, manake benki itataka yake, ardhi itataka yake, na kuna ofisi itaipoteza.

Kodi za vyumba je? Hapa ndio kila nyumba inapigana. Kabla mahakama haijatoa usimamizi, yule kaka anaepitisha daftari mlango kwa mlango kila tarehe 5 na kula pesa peke yake anaingilia mali ya marehemu, na sheria ya urithi kifungu cha 45 inalihesabu ni kosa, faini mpaka 10,000 au jela mpaka mwaka mmoja au vyote. Sisi hatukumshtaki mtu. Tulikaa barazani, tukaandika karatasi moja tukasaini sote, pesa iwekwe na dada mkubwa na kila mwezi apige picha daftari atume kwa warithi wote. Usimamizi ulipotoka wasimamizi wakafungua akaunti ya pamoja, tukawapelekea wapangaji namba mpya chumba kwa chumba. Yule wa chumba cha nyuma aliuliza mara tatu kama ni kweli, alafu akatudai risiti za miezi yote iliyopita.