Somo: Jina la mtoto wa kiume litakalomfaa mpaka ndevu ziingie mvi

Salaam aleikum. Tangu Rajabu nimeulizwa jambo hili na watu saba, mmoja akanisimamisha gatini nina gunia la mchele begani. Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamwambia asome hapa.

1. Akizaliwa, adhana sikio la kulia, iqama la kushoto. Hilo mwalijua.

2. Jina liwe tayari kufikia siku ya saba, siku ya akika, mtoto anapochinjiwa na kunyolewa nywele. Mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume. Msingoje shangazi aje kutoka Mombasa.

3. Tafuta somo wake, yaani yule mtu ambaye mtoto ataitwa kwa jina lake. Kwetu Lamu mtoto wa kwanza mara nyingi humchukua babu mzaa baba. Ni jambo jema, ila piga hesabu: baba ni Ali, babu ni Omar, basi mtoto atakuwa Omar Ali Omar. Simama mtaani Langoni uite Omar Ali Omar uone wangapi watageuka. Ongeza jina la nne, la ukoo au la baba wa babu, tangu kwenye cheti cha kuzaliwa.

4. Lijaribu kinywani. Panda darini uite kama mama anavyomwita mtoto aliye kichochoroni: "Fulani, ndoo!" Kisha litangulize na ustadhi, na nahodha, na daktari, na mzee. Mwisho lisikie likitamkwa na kadhi siku ya nikaha. Majina ya kudekeza ni matamu mtoto akiwa na miezi minne. Akifika miaka 60 watu watamwambia, "Mzee Chichi, tuswalishie maiti."

5. Kuliandika. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hivyo someni polepole.

Mwanangu wa kwanza ni Abdulqadir. Usiku ule sikuwa nimelala, nesi akaniuliza jina, nikalitamka tu, naye akaandika alivyosikia: Abdul, akaacha nafasi, Kadir. Nikatia sahihi bila kusoma. Cheti kilipotoka, mtoto ni Abdul, Kadir ndiye babake, mimi nimepandishwa cheo kuwa babu, na marehemu babangu hayumo kabisa. Kadi ya kliniki yasema Abdulkadir. Madrasa yasema Abdulqadir. Nikajiambia ni herufi tu. Alipofika wakati wa kuandikishwa mtihani ndipo nilipoanza safari: kiapo kwa wakili, barua ya chifu, njoo kesho, njoo Jumatatu, faili halionekani. Miezi mitano.

Tena kuna kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Abdul peke yake si jina. Ni "mja wa", halafu kimya. Mja wa nani? Wenzake shuleni bado wamwita Abdul, kwa kuwa ndivyo daftari la mwalimu lilivyosema.

Basi: majina ya Abdul yaandikwe neno moja. Chagueni tahajia moja nyumbani, mkeo akubali, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na karatasi ndiyo apewe nesi. Usitamke. Soma arifa ya kuzaliwa, ile karatasi anayojaza nesi, herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Aliyezalia nyumbani, arifa hutoka kwa naibu wa chifu, naye pia mpe karatasi. Arifa si cheti. Sajili ndani ya miezi 6. Ikipita, huo ni usajili wa kuchelewa na maswali yake hayaishi.

6. Likishaandikwa, litumieni.

MASWALI

Mama Wawili: Naomba majina mazuri ya mvulana yanayoanza na Z.

Jibu: Hukusoma. Sikuleta orodha hapa.

Baba Mtarajiwa: Mimi nataka Zidane. Mke wangu hataki, asema ni jina la mpira.

Jibu: Zidane ni jina la ukoo wake, ndugu yangu. Mwenyewe ni Zinedine, mtoto wa Waaljeria aliyezaliwa Marseille, na Zinedine ni Zainuddin, pambo la dini, limevalishwa tahajia ya Kifaransa. Mwite Zainuddin. Wewe utapata mpira wako, mkeo atapata jina, na mtoto asipopenda kandanda hatadaiwa mabao.

Kijana wa Langoni: Mnakuza mambo. Mimi nimeandikwa Mohamed huku na Muhammad kule, na sijafa.

Jibu: Hujafa, wala hujawahi kuomba pasipoti. Tutaonana utakapotaka kwenda Hija.

Mjukuu wa Siyu: Babu yangu aliitwa Bwana. Natamani kumrithisha mwanangu lakini nahofia huko bara.

Jibu: Umeuliza vyema. Bwana peke yake, karani asiyetujua atadhani ni heshima, atalifuta. Liunganishe: Bwanaheri, Bwanakombo. Ukitaka la zamani zaidi kuna Fumo, lililobebwa na Liyongo wa tenzi na kina Fumo Madi waliotawala Pate, hilo halizeeki. Lali nalo ni jina letu hasa. Bwenini ataulizwa kila usiku kama Lali halali, atazoea. Shee, Famau, yote hayo yawafaa mtoto na mzee sawasawa. Mimi wa tatu nimemwita Shee.

Binti Shela: Je, jina baya laweza kubadilishwa likishamkaa mtu?

Jibu: Laweza, dada. Katika hadithi za Bukhari mna habari ya mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, wepesi. Akakataa kuacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, akasema ugumu ule haukuwatoka ukoo mzima. Kwa hivyo badilisha mapema, kabla ya makaratasi kuwa mengi.

Mama Wawili: Na yanayoanza na R?

Jibu: Ramadhani.

Baba Mtarajiwa: Mke amekubali Zainuddin! Sasa nywele za akika napima wapi? Mizani ya jikoni haisomi kitu.

Jibu: Kwa sonara. Za wangu wa pili hazikufika gramu mbili. Sadaka ni thamani ya fedha yenye uzito wa nywele hizo, ile fedha ya vikuku, si dhahabu, usije ukajifilisi. Na umwambie sonara azime feni kabla hujafungua kitambaa.