Bolti ya 5/16 na bolti ya M8: hesabu nyuzi kabla ya kununua

Wateja wangu wa Karatu na Monduli huja na bolti moja imefungwa kwenye gazeti: "Fundi, nitafutie inayofanana na hii." Trekta ni Massey Ferguson ya zamani, bolti zake za inchi (5/16 ni unene wa inchi), na maduka ya hapa Unga Limited, Arusha, yamejaa za milimita (M8 ni unene wa milimita 8). Hapo ndipo matundu mengi yanapoharibiwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Zidisha namba ya juu kwa 25.4, gawanya kwa ya chini: robo inchi ni 6.35, 3/8 ni 9.525, nusu inchi ni 12.7. Hizo ziko mbali kidogo na M6, M10 na M12, jicho lililozoea linazitenga.

Inayonitia wasiwasi ni 5/16. Kwa hesabu ni 7.94, na jirani yake ni M8. Kalipa, kile kipimo cha unene, haikusaidii hapa, maana M8 mpya haifiki 8 kamili, husoma 7.8 au 7.9, na 5/16 nayo husoma humo humo. Uliza nyuzi.

Sugua bolti kwa brashi ya waya na dizeli, isogeze kwenye mwanga, ulaze rula juu yake. Sifuri ikae kwenye ncha ya uzi mmoja. Uzi huo usiuhesabu. Moja ni ule unaofuata. Wengi hukosea hapa na kupata uzi mmoja wa ziada. Ukifika 10, soma milimita. Ukipata 12.5, hiyo ni M8 ya kawaida. Ukipata kama 14, ni 5/16 yenye nyuzi 18 kwa inchi. Ukipata 10 na nusu hivi, ni 5/16 ya nyuzi nyembamba, 24 kwa inchi.

Angalia na kichwa. Kimeandikwa 8.8 au 10.9, ni milimita. Kina mistari 3 au 6 iliyotawanyika kutoka katikati, ni inchi.

Kisha izungushe kwa vidole. M8 kwenye tundu la 5/16 huingia mizunguko michache, halafu inagoma. Nilipokuwa najifunza nilidhani ni kutu, nikaongeza nguvu ya spana. Nilipoichomoa ilitoka na nyuzi za tundu zimejiviringisha kama unywele wa chuma. Mwenye trekta alikuwa amesimama pale, mvua zimeshaanza, na shamba lake likamsubiri siku mbili. Tangu siku hiyo bolti ikigoma kwa vidole naitoa.

Spana nazo: kichwa cha 5/16 huwa nusu inchi, na spana 13 inakiingia ikicheza. Ukikaza sana inakula pembe. Ila 19 na 3/4 zinapishana milimita 0.05 tu, hizo natumia yoyote.

Tundu likishakufa, na kuna chuma cha kutosha pembeni, toboa kwa keekee ya 8.5 na uchonge nyuzi za M10. Halafu andika "M10" kwa rangi kando ya tundu, fundi atakayefungua baada yako aione.